Dodoma hadi Kolo kwa baiskeli: hesabuni visima, msihesabu kilomita

Swali limetoka kwa dada mmoja mkazi wa Kisasa, hapa Dodoma. Ameandika hivi:

“Kaka, shikamoo. Tuko marafiki watano tuliosoma pamoja, wanawake watatu na wanaume wawili. Wiki ya Sabasaba tunataka kuendesha baiskeli kutoka Dodoma mpaka kwenye michoro ya mapangoni ya Kolo na kurudi, siku nne, tukilala kwenye mahema. Hatushindani na mtu. Tunataka kupumzika, kupika na kupiga soga. Tuna Phoenix mbili na baiskeli tatu za gia za mtumba. Tulale wapi? Maji tutapata wapi? Sisi wanawake tutakuwa salama? Na mwenzetu mmoja hajapanda baiskeli tangu alipomaliza sekondari. Tumwache?”

Marahaba, dada yangu. Katika barua yako yote neno nililolipenda zaidi ni “kupumzika”. Lishike hilo, kwa sababu mpango wenu wa siku nne unalipinga. Nimetengeneza baiskeli na kusindikiza waendeshaji katika mkoa huu kwa miaka mingi. Safari nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibikia mezani, kabla hata tairi halijagusa barabara: watu walichukua kilomita zote, wakagawanya kwa siku walizopewa likizo, wakaandika jibu kwenye karatasi.

Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ina kilomita 251, na ilizinduliwa mwaka 2018. Hadi Kondoa mjini ni zaidi ya kilomita 150. Kolo iko mbele ya Kondoa kwa zaidi ya kilomita 20 nyingine. Mkienda na kurudi mtakuwa mmekanyaga pedeli kilomita 350 kwa siku nne, na muda wa kupanda kuitazama hiyo michoro haumo. Yupo mtu anayeweza. Mtu huyo hapiki, hapigi soga, na jioni hana nguvu ya kufungua zipu ya hema.

Ushauri wangu ni huu: ombeni siku sita, muende kwa baiskeli, mrudi kwa basi. Mkikosa siku sita, pakieni baiskeli kwenye basi hadi Chemba, muanzie huko. Mkianzia Chemba, siku nne zinatosha na kubaki.

Kwa nini muende kwa baiskeli mrudi kwa basi, na si kinyume chake? Watu huniambia, “Kondoa iko juu kuliko Dodoma, si bora tupande basi kwenda tushuke kwa baiskeli?” Ni kweli Kondoa iko juu kidogo, lakini tofauti hiyo imetandazwa kwenye kilomita zaidi ya 150 na mguu wako hautaiona. Utakachokiona ni upepo. Wewe ni mkazi wa Dodoma, upepo wa kiangazi unaufahamu: unatoka mashariki na kusini-mashariki, unaamka kadiri jua linavyopanda, na kufikia saa sita unapeperusha vumbi la mji mzima. Mkielekea kaskazini unawasukuma kutoka nyuma, upande wa kulia. Mkirudi kusini mtaubeba usoni siku nzima. Mlima una kilele, ukifika juu umemalizana nao. Upepo wa uso hauna kilele.

Wiki ya Sabasaba mmechagua vizuri. Mvua zimekwisha, mavuno yameingia, vijijini kuna chakula na watu wana nafasi ya kukaa na wageni. Jua la mchana si kali kama la Oktoba. Usiku ni baridi, tena baridi ya kweli kwa mtu aliyezoea nyumba, kwa hiyo shuka peke yake halitoshi. Kila mtu abebe blanketi na kitu cha kutandika chini, kwa maana baridi kubwa ya hema inatoka ardhini. Mkeka wa plastiki na gunia safi chini yake ni bora kuliko blanketi la pili juu.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, nilikuwa na wenzangu watatu kwenye barabara ya Mtera. Tulikuwa tumepanga kilomita 90 kwa siku ya kwanza kwa sababu barabara ile inashuka, na karatasi ilisema inawezekana. Kutoka Dodoma unaanzia zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na bwawa la Mtera liko karibu mita 700. Tulisahau kwamba ukishuka hivyo joto nalo linapanda. Saa saba mchana, baada ya kuteremka Fufu, mwenzetu mmoja aliacha kutoka jasho. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto, akaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Maji yetu yalikuwa yamebaki kama nusu lita kwa watu wanne. Mama mmoja aliyekuwa anauza mkaa kando ya barabara alituingiza kwenye kibanda chake, akatupa ndoo yake ya maji, maji ambayo alikuwa ameyabeba kichwani kutoka mbali. Tulimlowesha mwenzetu shati na kanga, tukampepea kwa kipande cha boksi, tukasimamisha gari lililompeleka zahanati. Alipona. Ile ndoo siwezi kuisahau, kwa sababu yule mama hakuuliza kama tutamlipa, na alijua kabisa kwamba jioni atalazimika kurudi kisimani.

Tangu siku ile nikipanga safari sianzi na kilomita. Naanza na kisima. Nauliza: kati ya mahali tunapotoka na mahali tunapolala, maji yapo wapi, na je, ni maji ya kutegemea au ni ya bahati? Urefu wa siku unatokana na jibu hilo. Mahali pa kulala ni mahali penye maji, hata kama tumefika saa nne asubuhi na miguu bado inataka kwenda.

Kwa mwezi wa saba, mtu anayeendesha asubuhi tu ahesabu lita nne za kunywa kwa siku. Kupika na kunawa ni lita mbili au tatu nyingine. Ninyi watano mnahitaji madumu mawili ya lita tano yaliyofungwa kwenye keria za zile Phoenix, na kila mtu awe na chupa mbili za lita moja na nusu za kwake. Mnaanza kila siku vyote vikiwa vimejaa. Jazeni kila mnapoyakuta, hata kama mnadhani hamyahitaji. Maji ya visima vya huku mara nyingi yana chumvichumvi, na wageni wengi huyanywa kidogo kwa sababu hawapendi ladha yake. Dawa yake ni ubuyu. Nunueni unga wa ubuyu hapa mjini, mkoroge na sukari kidogo, ladha ya chumvi itapotea na mtajikuta mnakunywa bila kulazimishana. Maji ya kisima cha wazi au ya bwawa myachemshe au mtie vidonge vya kutibu maji. Atakayeharisha au kutapika, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anywe kidogokidogo, na siku hiyo hamwendi popote.

Saa za kuendesha zinafuata hapohapo. Mwezi wa saba jua linachomoza karibu na saa moja kasorobo. Amkeni kabla yake, mnywe chai, na saa moja na robo muwe barabarani. Kwa baiskeli yenye mzigo na watu wasio na haraka, mwendo wenu utakuwa kilomita 12 hivi kwa saa, pamoja na kusimama kupiga picha. Ikifika saa tano mtakuwa mmemaliza kilomita 40 na zaidi, jua halijaanza kuuma, upepo ndiyo kwanza unaamka, na mchana mzima ni wenu. Safari yenu iko kwenye huo mchana. Mnatafuta kivuli, mnapika, mmoja analala, wawili wanacheza karata, mwingine anaziba tyubu. Wanaopanga kilomita 80 hawajawahi kuuona mchana wa namna hii.

Siku zenyewe ningezigawa hivi. Siku ya kwanza iwe fupi kabisa, hadi Makutupora tu, kilomita ishirini na kitu. Siku ya kwanza watu huchelewa, kamba hufunguka, kiti cha mmoja kinakuwa chini mno. Mkitoka saa tatu badala ya saa moja hamtaathirika. Mtapita jirani na Mzakwe, kwenye visima vinavyolisha jiji hili, na Makutupora ni nchi ya zabibu: kituo cha utafiti wa zabibu kiko hapo. Sabasaba ni mapema kidogo kwa mavuno ya pili, ambayo huja Agosti na Septemba, lakini mashamba yanapendeza na wakulima wake wanapenda kueleza.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Mayamaya iko kilomita 44 kutoka Dodoma, na mbele yake barabara inaingia kwenye milima ya Chenene. Lami ni nzuri, ila kuna vipande vya kupanda ambavyo mwenye Phoenix atashuka na kusukuma. Sukumeni bila aibu. Toka mapema zaidi siku hii, na mfike upande wa Haneti miguu ikiwa imechoka lakini vichwa viko sawa. Siku ya tatu hadi Chemba. Siku ya nne hadi Kondoa. Siku ya tano Kolo. Siku ya sita michoro, kisha basi. Kama siku ya pili itawazidi, laleni Mayamaya na mtavuka Chenene kesho yake. Mkichelewa, siku ya Kondoa hadi Kolo inaweza kuunganishwa na ya nyuma yake, au mkapanda gari kipande kimoja. Hakuna anayewaandikia alama.

Chemba mtasikia Kirangi, Kigogo na Kiswahili sokoni kwa pamoja, na magharibi yake, upande wa Kwamtoro na Farkwa, ni nchi ya Wasandawe, wenye ile lugha ya sauti za kubofya ulimi. Ukimkuta mzee wa Kisandawe mwombe kwa heshima akutamkie maneno mawili matatu. Hutayaweza, na yeye atafurahi. Upande huohuo kuna pori la akiba la Swagaswaga, lenye tembo. Kwa hiyo toka Haneti hadi Kondoa msiache barabara kuu kwenda kutafuta “mahali pazuri porini” pa kupiga kambi. Laleni vijijini.

Sasa swali la kulala, ambalo najua ndilo linalowatia hofu. Ardhi ya kijiji ina wenyewe hata pale usipoona nyumba. Ukifunga hema kichakani kimyakimya, mchungaji atakuona, atamwambia mwenzake, na saa tatu usiku mtaamshwa na watu wenye tochi na fimbo wanaotaka kujua ninyi ni nani. Wana haki. Ukienda mwenyewe ofisi ya kijiji mchana, watu walewale wanakuwa walinzi wako.

Utaratibu wake ni mwepesi. Fikeni, pumzikeni kwenye kivuli, mnawe uso, mvae vizuri. Dada, uwe na kanga ya kujifunga juu ya suruali ya baiskeli, hasa mkishaingia Kondoa. Heshima hiyo inaonekana na inalipwa. Kabla ya saa kumi jioni mtafuteni mtendaji au mwenyekiti wa kijiji. Wende watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wakiwa na vitambulisho vya watano wote. Salamu kwanza. Kwenye vijiji vya Wagogo anzeni na “Mbukwenyi”, na nusu ya kazi itakuwa imeisha. Elezeni mmetoka wapi, mnakwenda wapi, mnaomba kulala usiku mmoja, na mnaomba mwonyeshwe mahali. Mtasaini kitabu cha wageni. Mara nyingi mtapewa uwanja wa shule, ua wa kanisa, au kiwanja nyuma ya ofisi. Wakati mwingine mwenyekiti atasema mlale uani kwake. Hiyo ikubalini haraka kuliko zote. Mama wa nyumba ile ndiye ulinzi wa wanawake watatu kuliko kufuli lolote: atawaonyesha choo, atawaambia pa kuoga, na hakuna kijana wa kijiji atakayesogea.

Shuleni, mwalimu mkuu naye apewe taarifa, hata kama ni likizo. Asubuhi muache mahali pasafi kuliko mlivyopakuta. Kuhusu fedha, msitupe noti mkononi kwa mwenyekiti kama mnalipa hoteli. Nunueni kuku, mayai, kuni au mlenda kwa wenyeji, kwa bei wanayoitaja. Mkitaka kuacha shukrani, iacheni kwa mwenye nyumba wakati wa kuaga, kwa mikono miwili. Na tafadhali, picha ya mahali mnapolala isiende mtandaoni mpaka mmeshaondoka.

Mkionyeshwa eneo na kuambiwa “chagueni wenyewe”, epukeni mambo mawili. La kwanza ni korongo. Mchanga wa korongo kavu ni laini, umetandikwa kama kitanda, na mwezi wa saba hauna mvua. Hata hivyo ni njia ya wanyama na watu usiku, na baridi yote ya bonde inajikusanya humo. Mtu akirudia safari hii Desemba au Januari, korongo linaweza kushusha maji ya mvua iliyonyesha mbali bila tone kudondoka alipolala. La pili ni mbuyu. Najua picha mliyonayo kichwani: hema chini ya mbuyu, machweo nyuma. Pigeni hiyo picha, halafu msogee mita hamsini. Mibuyu mingi ina nyuki kwenye mashimo yake, na moshi wa jiko lenu ni uchokozi kwao.

Fisi wapo, mtawasikia. Fisi hamtaki mtu aliye ndani ya hema lililofungwa. Anataka ngozi, mafuta na mabaki. Kwa hiyo sufuria zioshwe usiku uleule, mifupa ifukiwe mbali, na viatu vilale ndani pamoja nanyi. Asubuhi kung’uteni viatu kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge. Zipu ya hema ifungwe muda wote, hata mchana hamna mtu ndani. Nyoka anayeingia hemani huingia kufuata kivuli na panya, naye panya hufuata makombo. Usiku mtu akienda kujisaidia aende na tochi na asivae ndala.

Jiko chukueni mtungi mdogo wa gesi. Kuni za huku ni mali ya watu, nyasi za kiangazi zinashika moto kwa cheche moja, na Kondoa hasa ina historia ya kuheshimiwa katika jambo hili. Mtakapoikaribia mtaona makovu ya mmomonyoko, makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, ili majani na miti virudi. Watu walihamisha ng’ombe wao ili kilima kile kipone. Si mahali pa mgeni kukata tawi la kuchomea mahindi.

Tuje kwenye baiskeli, na hapa adui ana jina: mbigiri. Ule mmea unaotambaa chini, una maua ya njano madogo na mbegu yenye miiba inayosimama wima kila inapoangukia. Pembeni mwa barabara zetu umejaa, na pale ulipoisha mbigiri umeanza mwiba wa mgunga. Nimewahi kutoa miiba kumi na saba kwenye tairi moja la kijana aliyekata njia kupitia shamba lililovunwa, ili tu afike kwenye kivuli mita thelathini kutoka lami. Sheria ya kikundi chenu iwe hii: ukiacha lami au njia iliyokanyagwa, shuka, na ikiwezekana ibebe baiskeli. Mnyanyue pamoja hata ikiwa na mzigo. Mkifika kambini, kila mtu azungushe matairi yake taratibu na kuyakagua kabla hajakaa. Mwiba ulioingia leo jioni mara nyingi unatoboa tyubu kesho asubuhi, baada ya kukanyagwa na uzito.

Wakati wa kuziba pancha kosa la wengi ni haraka. Futa tyubu, isugue kwa msasa mpaka weusi wake ukwaruke, paka solusheni nyembamba, kisha subiri dakika tano nzima mpaka ikauke na ising’ae tena. Hapo ndipo kiraka kinashika. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba uliobaki, kidole chako hakitaumia. Kwa watu watano bebeni tyubu nne za akiba, viraka visivyopungua ishirini, solusheni mbili, kwa kuwa moja ikishafunguliwa hukauka, pampu mbili, spana za nati za magurudumu yenu hasa, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani pale tairi litakapochanika. Wenye gia wabebe kiungo cha mnyororo na kifaa cha kuukata.

Msizidharau hizo Phoenix. Ni nzito, lakini tairi lake, spoku zake na breki zake utazipata kwa fundi yeyote chini ya mwembe. Za mtumba ndizo zinazonitia wasiwasi. Angalieni ukubwa wa rimu. Za inchi 26 zinapata tairi karibu kila senta. Zile za rimu nyembamba, zenye vali nyembamba kama sindano, zikiharibika Haneti mtasubiri basi. Kama mojawapo iko hivyo, iacheni nyumbani mkaazime nyingine. Wiki mbili kabla ya safari zote zipelekwe kwa fundi, zifunguliwe bering’i, zipakwe grisi, breki zibadilishwe. Msifanye hivyo jana yake. Baiskeli iliyotoka kwa fundi inahitaji siku chache ionyeshe kilichosahaulika.

Mzigo ukae chini na nyuma, ufungwe kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na mgongoni pasiwe na kitu. Begi la mgongoni kwa siku tano litawapa maumivu ambayo mtayasingizia kiti.

Kwenye lami endesheni mmojammoja kwa mstari, vizibao vyenye kuakisi mwanga vikiwa mwilini hata mchana. Hiyo ni barabara ya malori na mabasi. Mkiona magari makubwa mawili yanapishana sambamba nanyi, tokeni nje ya lami na msimame. Giza lisiwakute barabarani siku hata moja. Sina nyongeza hapo.

Kolo, ingieni ofisi ya michoro kwanza, mlipe kiingilio na mpewe mwongozaji. Michoro hii imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150 katika eneo lote. Mtakakopelekwa ni Mongomi wa Kolo, karibu kilomita tisa kutoka ofisini kwa njia ya vumbi, halafu kupanda kwa miguu kunakotoa pumzi. Baiskeli ziacheni chini kwa maelekezo ya mwongozaji. Juu mtakuta watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, twiga, tembo, pofu, na mahali pengine michoro myeupe ya baadaye. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa katika eneo hili kwa miezi akiinakili. Msiguse, wala mtu asimwagie maji ukutani ili rangi ikolee kwenye picha. Maji hayo ndiyo yanayoimaliza. Na wenyeji bado hufanya matambiko Mongomi. Mkikuta dalili zake, piteni kama mnavyopita kwenye nyumba ya ibada ya mtu. Wapeni mapango asubuhi nzima. Nimeona watu wakiendesha siku nne kufika pale na kutumia dakika ishirini.

Kuhusu basi la kurudi, msipande kwa kushtukiza. Jioni ya siku ya nne pigeni hodi kwa mawakala pale Kondoa mnapolala, mwaambie mna baiskeli tano, mkubaliane bei ya mzigo kabla. Ondoeni gurudumu la mbele, geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, fungeni mnyororo kwa gunia ili usichafue mabegi ya abiria wengine. Konda akiona mmejiandaa hivyo hana sababu ya kubishana.

Nimebakiza yule mwenzenu wa tangu sekondari. Msimwache. Nipe mtu asiye na mazoezi lakini ana subira, nitamfikisha Kolo mbele ya kijana mwenye mapaja anayepasua kilomita kumi za kwanza. Ila kikundi kijipange kwa ajili yake. Yeye akae mbele, ndiye aweke mwendo, na mwenye nguvu kuliko wote akae mwisho akiwa amebeba dumu na zana za pancha. Mkimweka nyuma atawakimbiza siku nzima: kila atakapowafikia ninyi mmeshapumzika na mnaondoka, yeye hajapumzika kamwe. Apewe baiskeli ya gia iliyo nyepesi kuliko zote, na kiti chake kipandishwe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini.

Na aanze wiki hii. Kutoka Kisasa hadi Ihumwa na kurudi, asubuhi na mapema, mara tatu kwa wiki, bila mzigo. Wiki ya tatu afunge dumu la lita tano lililojaa. Kisha Jumamosi moja kabla ya safari nendeni wote watano hadi Hombolo, mwombe ruhusa kijijini, mlale usiku mmoja mbali na maji ya bwawa, mrudi Jumapili. Usiku huo mtajua hema lipi linavuja upepo, nani anakoroma, na dumu lipi halifungi vizuri. Akirudi kutoka Hombolo Jumapili jioni akakuuliza “Kolo ni lini?”, mnunulie kizibao chake.